Hongera, Umemaliza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, naomba nieleweke hivyo tangu mwanzo, na mwezi ule hasira zangu zote zilikuwa juu ya nyota. Tulikuwa wawili tu ofisini, mimi na mwenzangu niliyembandika jina la Mzee wa Nyota, maana kila asubuhi kabla hata ya salamu alikuwa akitangaza, "Tatu nukta moja!" Ndiyo alama waliyotupa watu kwenye duka la viendelezi. Kiendelezi chetu ni kijiprogramu unachokiweka kwenye kivinjari cha kompyuta, nacho kinakusomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye ukurasa. Wanaokitumia ni watu wenye macho mabovu, na kinawasaidia kweli. Lakini jamani, aliyesaidiwa hana habari ya kurudi dukani kusema asante. Anayerudi ni yule aliyeudhika, tena anarudi mbio.

"Tuwaombe," akasema Mzee wa Nyota.

"Tumeshawaomba mpaka tumechoka. Kisanduku cha kuomba nyota kikitokea wanakifukuza kama inzi."

"Basi tuwaombe wakiwa na furaha."

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Nikamwambia mtu hufurahi akimaliza kazi. Amejaza fomu ndefu, amefika mwisho, anabonyeza enta aitume, roho nyeupe. Tumdake hapo hapo. Maneno niliyaandika mwenyewe: "Hongera, umemaliza! Kama umefurahi, bonyeza enta." Akibonyeza, nyota tano zinakwenda dukani, na sauti inamjibu, "Asante, tumepokea." Wiki mbili tu, tukafika nne nukta sita. Mzee wa Nyota alicheza ofisini mpaka akamwaga chai, nami nikapiga vigelegele.

Sasa niwaambie habari za shangazi yangu. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, kwa cherehani yake. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda, na la kulia daktari alisema lifanyiwe upasuaji upesi. Hospitali yao inaandikisha wagonjwa wa upasuaji kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, siku moja tu, nafasi tisini. Nilimwahidi nitakwenda kumjazia fomu. Siku ilipofika nikampigia simu kwamba kazi zimenibana.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Si nina lile dude lako linalosoma? Nitajaza mwenyewe."

Baada ya wiki tatu nikaenda kumwona. Nikamkuta kwenye cherehani anapinda shuka kwa kupapasa.

"Hawa wa hospitali mbona kimya?" akaniuliza.

"Ulijaza vizuri lakini, Shangazi?"

"Wee! Mtoto mdogo mimi? Nilijaza mpaka mwisho. Nikabonyeza enta, wakanipongeza. Wakaniambia nikifurahi nibonyeze tena. Nikabonyeza, wakanishukuru, wakasema wamepokea." Akacheka. "Watu wa adabu hao. Siku hizi hospitali gani inakupongeza?"

Hapo nikaelewa. Kisanduku chetu kilikuwa kinaikamata ile enta kabla ya fomu kuipata. Mwenye macho ataiona fomu bado iko pale, ataguna, atabonyeza tena. Asiyeona, sauti iliyokuwa ikimsomea hospitali ndiyo hiyo hiyo iliyomwambia hongera. Atajuaje? Atafunga kompyuta na kwenda kushona.

Mngetegemea niseme pale pale. Sikusema. "Labda wamechelewa," nikamwambia, nikanywa chai yake, nikaondoka. Nilijichukia njia nzima.

Asubuhi ya siku ya kazi iliyofuata nikawa wa kwanza dirishani pale hospitali. Muuguzi akapitisha kidole kwenye orodha, akapitisha tena. Jina hakuna. Nikaeleza, nikabembeleza, nikaanza kufoka.

"Dada, usinifokee," akasema taratibu. "Tisini wameshapangwa. Nimtoe nani? Mlete orodha ijayo, miezi mitano."

"Na jicho litasubiri?"

Akaandika jina la shangazi kwenye karatasi mpya.

Nikaenda ofisini, nikakiondoa kile kisanduku bila kuomba ruhusa. Mzee wa Nyota akaruka. "Umepata kichaa? Tutashuka!"

"Tushuke!" nikamwambia. "Tushuke mpaka chini kabisa, hunisikii?" Nikamweleza. Akakaa, akafunika uso kwa mikono.

Kisha nikafungua sanduku la malalamiko, ambalo kusema kweli tulikuwa hatulifungui ila kulisafisha. Kulikuwa na mtu ameandika: "Fomu ya shule ya binti yangu haikufika, na niliambiwa hongera. Naomba mwangalie, mimi sioni." Tarehe yake ilikuwa siku tisa kabla shangazi hajajaza fomu yake. Chini yake kulikuwa na jibu: "Asante kwa maoni yako, tunayathamini sana." Jibu hilo nililituma mimi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Basi mimi nilichimba, na walioingia ni wengine.

Mchana ule ule nikarudi kwa shangazi. Nikakaa chini, karibu na miguu yake, nikamwambia yote.

"Kwa hiyo sauti ile haikuwa ya hospitali," akasema.

"Ilikuwa yetu. Maneno niliyaandika mimi."

Gurudumu la cherehani likasimama. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepumua. Badala yake akanitafuta kichwa kwa mkono, akanishika.

"Hukukusudia, mwanangu. Miezi mitano si miaka. Usiende kusema kwa watu, wakakuharibia kazi."

Hilo ndilo lililonivunja. Nikalia kama mtoto, nikamwambia na lile nililokuwa nimelificha: kwamba kuna mtu alituonya mapema, fomu ya shule ya binti yake haikufika, nami nikamjibu asante bila kumaliza kusoma.

Mkono wake ukatulia juu ya kichwa changu.

"Huyo binti aliingia shule?"

"Sijui, Shangazi."

"Mliwapongeza watu wangapi?"

"Elfu moja na mia mbili, na zaidi."

"Katika hao, ambao fomu zao hazikwenda ni wangapi?"

"Sijui. Tulikuwa tunahesabu nyota."

Akauondoa mkono. Akaugeuzia uso dirishani.

"Langu nimekusamehe," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu nina miaka sita. "La hao siwezi kukusamehea, si langu. Na lile la kukuficha kwa watu nimelifuta. Inuka. Nenda ukawaambie mmoja mmoja, saa hizi wapo majumbani mwao wanasubiri kuitwa."