Mfungo wa Vitanda

Mwaka ule ufuta ulikubali sana pale Mandawa. Mihogo ilikuwa imeanikwa juu ya mapaa, ghala zina mahindi, na hata kuku walinenepa kwa kudonoa punje zilizomwagika. Ndipo akaja binti mmoja kutoka Nachingwea mjini, Prisca jina lake, na pikipiki ya shirika lake, kuwaomba wanawake wapunguze kula.

Akawakusanya nyuma ya zahanati, akawaeleza vizuri tu. Huko ng'ambo kuna watu wanajibana wiki nzima, wanakula chakula cha bei ndogo sana, na jamaa zao wanachangia fedha kwa ajili ya maskini. Safari hii wametaka na wanawake wa huku washiriki. Kila mmoja ale cha shilingi mia mbili kwa siku, basi. Mboga ya shambani kwako nayo ihesabiwe kama umeinunua. Na cha kupewa usile. Mwanamke mmoja akimaliza wiki, zahanati inapata kitanda kimoja cha wazazi na godoro lake.

Wanawake walitazamana, kisha kicheko kikapasuka.

"Binti yangu," akasema Moza, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde, "hiyo kazi kila Februari, ghala zikiisha, tunaifanya bure. Hao wafadhili wako huwa wamelala?"

"Mwambie waje Februari watuhesabie!" akadakia mwingine. "Tutajaza vitanda mpaka Lindi!"

Hafidha hakucheka. Alikuwa mjane wa makamo, mkimya. Binti yake wa mwisho, Sabaha, alijifungulia palepale zahanati msimu wa mvua uliopita, chini, juu ya saruji, katandikiwa khanga mbili, na mzazi mwingine amelala miguuni pake. Maji ya mvua yalipita chini ya mlango. Mtoto alipata ubaridi, akapumua kwa shida, na alfajiri haikumkuta. Kwa hiyo Prisca alipouliza nani ataweza, Hafidha alinyoosha mkono wa kulia akasema, "Wallahi nitamaliza."

Na hapo ndipo alipokosea. Wenzake waliahidi kama watu wanavyomwahidi mgeni, ili aondoke ameridhika. Yeye aliapa kama anayetia nia ya saumu.

Akaanza. Asubuhi uji wa unga wa muhogo, mwembamba, hauna sukari. Jioni ugali na kisamvu kisicho na karanga. Mafuta aliyapima kwa kizibo cha soda, na yakibaki kidogo kwenye kizibo aliyarudisha chupani kwa kidole. Karanga zake mwenyewe alizifungia kwenye debe, akaweka jiwe juu, maana harufu ilikuwa inamwita.

Jirani yake, Lusiana, alimtazama akatikisa kichwa.

"Mama Sabaha, Ramadhani yenu imehama mwaka huu?"

"Nenda zako, Mama Tadeo."

"Niende wapi? Nakaa hapa nile ming'oko yangu uione." Akamenya kiazi taratibu, mvuke unamtoka mkononi, akakitafuna amefumba macho. Wakacheka wote wawili mpaka Hafidha akashika mbavu.

Lusiana alikuwa Mmakua. Mama yake alimvusha Ruvuma akiwa mgongoni, wakati wa vita vya Msumbiji. Yeye na Hafidha walipokezana watoto wao wakati wa kuzaliwa, wakalimiana mashamba, wakazika pamoja. Jambo moja tu liliwahi kuingia kati ya nyumba zile mbili: mkorosho wa mpakani. Saturnini, mume wa Lusiana, alisema ni wake, Hafidha akasema ulipandwa na marehemu mumewe. Wakafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji, maneno makali yakasemwa mbele za watu, mwisho wakaamuliwa wagawane korosho. Wao walishasahau. Watu hawakusahau.

Wiki ikiwa katikati, Saturnini alirudi kutoka shambani akilalamika kichwa. Usiku homa ikapanda, na kabla hawajapata baiskeli ya kumpeleka zahanati, akakata roho.

Hafidha ndiye aliyefika wa kwanza. Alimshika Lusiana asijibamize ukutani, akamfunga khanga kiunoni, akamkalisha mkekani. Kisha akafanya kazi bila kupumzika: kuteka maji, kutwanga, kuchochea moto, na tumboni hana kitu ila ule uji wake. Hakuna aliyejua kwamba kila alipoinama kwenye kinu aliona giza.

Walipotoka makaburini chakula kikaletwa. Kuku walichinjwa na mzee Shaban, ili Waislamu na Wakristo wale sinia moja, kama ilivyo desturi pale. Na desturi nyingine watu hawaisemi, wanaijua tu: chakula cha msiba unakula, hata tonge moja. Ukila na mfiwa umemwambia kwamba mkono wako ni safi na msiba wake ni wako. Usipokula, watu watajiuliza una nini na marehemu.

Moza aliketi ubavuni kwa Hafidha, akamnong'oneza, "Kula, wewe. Prisca yuko Nachingwea, macho yake hayafiki huku."

"Nimeapa, Moza."

"Hata mimi niliahidi. Tazama." Akakata tonge kubwa, akalichovya mchuzini, akameza.

"Kitanda kitapotea."

"Kitapotea nani akisema?"

Upande wa pili wanawake walikuwa wanambembeleza Lusiana ale. Tangu mumewe azimike hakuwa ametia hata maji mdomoni. Akakataa, akakataa, mwisho akainua uso uliovimba, akatafuta kwa macho.

"Nitakula na Mama Sabaha," akasema. "Njoo hapa, dada yangu."

Akasogea kumpisha mkekani.

Hafidha akaenda. Akanawa, akaketi, wakaweka sinia katikati yao. Lusiana akanyoosha mkono, akamngoja. Hafidha alikata tonge. Lilikuwa la moto, ugali wa mahindi meupe, na harufu ya kuku ikampanda hadi kisogoni. Akaliinua. Akamwona Sabaha juu ya ile saruji, amemkumbatia mtoto aliyenyamaza, anauliza kwa nini hanyonyi. Mkono ukashuka wenyewe.

"Nisamehe, Mama Tadeo. Nimefunga."

Watu wa karibu wakaacha kutafuna. Mwezi ule haukuwa wa kufunga.

Pale msibani alikuwepo Jonasi, mtani wa marehemu, kajipaka majivu usoni, kazi yake kuwachekesha wafiwa. Tangu asubuhi alikuwa amelala kitandani kwa marehemu akidai chai. Aliposikia, akaruka mbele.

"Huyu hali! Jamani, huyu hali! Kuku wetu ananuka?" Akazunguka sinia akicheza. "Au mwenzetu keshashiba? Keshamla Saturnini mwenyewe?"

Watu wakacheka, maana maneno ya mtani ni ya kuchekwa. Kisha kicheko kikafa, si mara moja, kikafa huku na huku, kama mvua inavyokatika. Jonasi mwenyewe akasimama mdomo wazi, asijue alirudishe vipi lile neno. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Mkorosho." Hakuongeza lingine.

Lusiana akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye khanga. Siku ile hakula.

Wiki ilipoisha Prisca akarudi na pikipiki. Akauliza nani amemaliza. Mikono ikanyooka yote, wa Moza ukiwa wa kwanza. Hafidha alingoja wenzake watawanyike, akamwendea, akamweleza habari ya msiba. Binti akashika mashavu.

"Lakini mama, msiba! Si ungekula tu? Hata huko kwa wenzetu, mtu akifiwa anaruhusiwa."

"Hukusema."

"Sikudhani ni kitu cha kusema."

Hafidha akaenda moja kwa moja kwa Lusiana, akamkuta anapepeta mbaazi. Akamweleza yote: vitanda, kiapo, Sabaha. Lusiana alisikiliza bila kusimamisha ungo.

"Najua," akasema. "Moza alishanieleza siku ileile. Na Moza alikula."

"Sikumdhuru mumeo, Mama Tadeo."

"Mimi si mjinga. Homa naijua." Akapuliza makapi. "Ila siku ile sikuwa na mtu. Nikakuita wewe mbele ya watu wote, wewe ukaona vitanda."



Baada ya arobaini Tadeo akaja kutoka Kiegei kumchukua mama yake akaishi naye. Mji mzima ukasema, unaona, anamkimbia jirani yake. Lori lililobeba magunia ya mbaazi kwenda Nachingwea lilisimama njia panda, na abiria wakapanda juu ya magunia. Hafidha alikuwa ameamka kabla ya jua. Alikuwa amekaanga kuku, amesonga ugali wa mahindi, akafunga vyote kwenye jani la mgomba, vikiwa vya moto bado. Akapenya katikati ya watu waliompisha haraka kuliko ilivyohitajika, akainua kile kifurushi juu.

"Cha njiani, dada."

Lusiana akainama, akakipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Ahsante, Mama Sabaha. Mungu akuzidishie."

Lori likanguruma. Lilipoanza kuondoka, Lusiana alimgeukia mwanamke aliyeketi karibu yake, msafiri asiyemjua, akamwekea kile kifurushi mapajani. Hafidha alibaki amesimama kwenye vumbi, akamwona yule mwanamke akifungua jani, akikata tonge, akila.