Nukta za Heshima

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mafundi cherehani wenye watoto chuo kikuu, naandika haya mkae chonjo. Mtoto akikuomba daftari lako la vipimo kwa ajili ya masomo yake, usimpe. Au mpe, lakini kwanza mkae chini umweleze kila kitu kilichomo. Mimi sikueleza, na nusura mwanangu afukuzwe chuo kwa sababu ya viuno vya watu.

Binti yangu anasomea biashara. Mimi nilikomea shule ya msingi, nikidhani biashara ni kuuza na kununua basi. Kumbe mwaka wa kwanza kuna somo linaitwa takwimu, na usipolifaulu huvuki kwenda wa pili. Mara ya kwanza alifeli. Akaambiwa arudie, na akifeli tena afungashe virago. Tangu siku hiyo roho yangu haikutulia. Mikono iko kwenye cherehani, akili iko chuoni. Kuna bwana mmoja nilimshonea suruali, zipu nikaiweka nyuma.

Jioni alikuwa ananisomea masomo yake huku mimi napiga pindo.

"Mama, sikiliza. Kuna wastani, na kuna mchepuko wastani. Mchepuko unakuonyesha watu wametawanyika kiasi gani kutoka kwenye ule wastani."

"Wametawanyika wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, mama. Ni namba."

"Haya, hizo namba zinakwenda wapi?"

Akaweka kalamu chini, akanitazama vile ninavyoitazama cherehani ikikata uzi.

Kazi ya marudio ilikuwa hii: kila mwanafunzi atafute vipimo vya watu arobaini, apige hesabu zake, kisha aeleze mfanyabiashara atajifunza nini hapo. Kazi hiyo peke yake ilibeba nusu ya maksi.

"Mama, si una daftari la wateja? Nipe viuno arobaini tu vya wanawake."

Nikampa kwa mikono miwili. Hata jalada nililipangusa.

Sasa niwaeleze lile daftari. Mteja akija kibandani kwangu anasimama katikati, nampitishia futi kiunoni, na kwenye benchi wamekaa wanawake wanne wametega masikio. Futi ikisoma arobaini na mbili, utatamka? Mimi nasema, "Thelathini na sita, mwili umejaa vizuri huo," naandika thelathini na sita, halafu juu ya namba naweka nukta sita. Kila nukta ni inchi moja ya kurudisha wakati wa kukata. Na mwembamba naye ana machungu yake. Akiwa ishirini na saba namwambia thelathini na mbili, naweka nukta tano chini ya namba, za kupunguza. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha hivyo. Gauni linamkaa kila mtu, na hakuna anayetoka kwangu ameinamisha kichwa.

Binti yangu aliziona zile nukta akadhani kalamu ilivuja. Akanakili namba tupu.

Alipomaliza hesabu alikuja anacheka. "Mama, wateja wako wamefanana! Wastani thelathini na nne, mchepuko haufiki hata inchi moja!"

"Ni watu wazuri," nikajibu, kichwa juu. Wazazi wenzangu, wasiwasi unapofusha. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, nami nikaendelea kupiga pindo.

Jumatano alirudi mchana macho mekundu. Mhadhiri ameikataa kazi. Kasema wanawake arobaini hawawezi kuwa na kiuno kimoja labda wawe wamefyatuliwa kama matofali. Kwamba namba amezitunga nyumbani, na anayetunga namba hapewi sifuri tu, jina lake linapelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Mwisho wa kuleta ushahidi ni Ijumaa saa nne.

"Ulinakili na nukta?" nikamuuliza.

"Nukta gani?"

Nikakaa. Pale nilipokaa palikuwa na pini.

Fundi viatu wa kibanda cha jirani, ambaye hapitwi na neno, akapaza sauti: "Shemeji, nenda kaseme ukweli! La sivyo mlete huku nimfundishe kupiga soli, kazi haina takwimu hii!"

Ijumaa tukaenda, mimi nimelikumbatia daftari kama mtoto mchanga. Yule mhadhiri wanafunzi wanamwita Bwana Wastani, kwa kuwa si mrefu si mfupi, si mnene si mwembamba. Ofisi yake imejaa mitihani iliyofungwa kwa kamba. Karibu na mlango amekaa karani wake anachapa barua, na nilipomwona nikalibana daftari kwapani. Mteja wangu wa miaka minane. Hata gauni alilovaa nimelishona mimi.

Nikamweleza mhadhiri habari ya nukta. Akazifuata kwa ncha ya kalamu, moja moja.

"Mama, nimekuelewa. Lakini nukta hata leo asubuhi mtu anaweza kuziweka. Kuna mteja tunayeweza kumpima hapa?"

Kuchapa kukakoma. Karani akanitazama kwa jicho linalosema ukithubutu tu. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake, hivyohivyo alivyokuwa akifanya akiwa mdogo tukiwa kwenye foleni ya sindano.

"Yupo, mwalimu," nikasema. "Ni mimi. Nimo ukurasa wa kwanza."

Akafungua. "Thelathini na nne."

"Hesabu nukta."

Akahesabu. Tisa. Binti yangu akaziba mdomo. Hata daftarini mwangu, ambamo hasomi mtu ila mimi, nilijidanganya, na sijui nilikuwa namficha nani.

Nikatoa futi kwenye mkoba. Karani akaja kunipima, maana mhadhiri alikuwa amegeukia dirisha kwa adabu. "Arobaini na tatu," akasoma, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Imetimia," akasema mhadhiri. "Lakini mtu mmoja si sampuli."

Karani akaniuliza polepole, "Na mimi nimo humo?"

"Ukurasa wa kumi na moja, mdogo wangu."

"Si uliniambia mimi ni thelathini na nne?"

"Ndiyo."

"Na nukta?"

"Zipo."

"Ngapi?"

"Saba."

Akashusha pumzi hadi karatasi mezani zikapepea. "Miaka minane natamba mbele ya wifi zangu! Haya, nipime, yaishe. Mtoto wa mwenzangu asifukuzwe kwa ajili ya kiuno changu."

Futi ikasoma arobaini na moja. Mhadhiri, bado anaangalia dirisha, mabega yakaanza kumtikisika. "Wawili nao hawatoshi," akasema, "lakini wa tatu simtaki. Binti, rudia hesabu pamoja na nukta, uniletee Jumatatu. Uongeze na ukurasa mmoja: mfanyabiashara anapata hasara gani akinunua vitambaa kwa kufuata namba za heshima."

Ukurasa ule aliuandika akiwa ameniketisha hapo hapo kama shahidi. Safari hii mchepuko ulifika inchi tano, nami nikaelewa wametawanyika wanakwenda wapi. Alipata maksi hamsini na nane, akavuka mwaka wa pili.

Karani hakunihama. Alikuja juzi, benchi limejaa, akasimama katikati akasema, "Fundi, nipime, na ole wako usiposema thelathini na nne." Nikasema thelathini na nne.

Ila daftari nimeshalitia sandukuni, nikapiga kufuli. Maana huko mwaka wa pili kuna takwimu sehemu ya pili, na jana mwanangu kaniuliza, kwa sauti tamu kabisa, kama daftarini naandikaga na umri wa wateja.