Kichwa cha Mkimbiaji

Nimechoka mimi. Miaka yote ya ndoa nimefua jezi za bwana yangu, nimekanda magoti yake kwa maji moto, na bado kila Jumapili niko pembeni ya uwanja, mvua ya Brussels ikininyeshea bila haya.

Bwana yangu Tharcisse alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu. Kwetu Lubumbashi waliposikia anacheza mpira Ulaya, walidhani anapiga kwa mguu, wakaagiza jezi. Aka! Yeye alikuwa mkimbiaji: unapewa mpira mkononi, unainamisha kichwa, unakwenda kugonga ukuta wa wanaume. Mchana wanakushangilia, usiku unatapika. Kila alipoangushwa, kocha wake alimwuliza swali moja. Akipatia, anarudishwa ndani. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa.

Sasa kocha ni yeye, na kichwa kimeanza kumwacha. Anaweka funguo ndani ya friji. Anamwita mtoto wetu Joël kwa jina la marehemu kaka yake mwenyewe. Nikimwambia twende kwa daktari, anakuja juu. Ameahidi kuacha ukocha msimu huu ukiisha. Bon, mwaka jana pia aliahidi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili iliyopita tulikwenda kucheza Anderlecht, ugenini. Timu yetu ni ya Ganshoren, na ikifungwa siku ile ilikuwa inashuka daraja. Mkimbiaji wake siku hizi ni Hénock, mtoto wa dada yangu. Dada alifariki akiniita kwa jina langu la Kiluba, "Mujinga, huyu ni wako."

Mechi ikikaribia kwisha, wanaume wawili walimvamia Hénock kwa pamoja, kichwa kikagonga chini. Mlio wake niliusikia pale nilipokuwa. Akainuka akipepesuka, akaja pembeni. Daktari alikuwa upande wa pili, anashughulikia mguu wa mwingine. Tharcisse akamshika mabega.

"Hénock, tuko wapi?"

"Ganshoren, tonton."

"Bon. Njo vile. Ingia."

Ee Yezu wangu! Nilingoja Tharcisse acheke, amwambie hapana, amkalishe. Wapi! Alikuwa anamfunga mtoto kofia. Nilimwogopea Hénock, halafu nikamwogopea bwana yangu zaidi, na wote wawili wakanitia hasira mpaka machozi.

Nilivuka mstari na viatu vyangu vya kanisani, nikamkamata Hénock kwa jezi.

"Huyu haingii."

"Mujinga, toka!" Tharcisse alifoka. "Mutoto amejibu bien!"

"Papa Joël. Na wewe, tuko wapi?"

Akatazama uwanja, akatazama nyumba zilizo nyuma yake, akatazama jezi za wale tuliocheza nao. Wachezaji wetu walikuwa wanapiga kelele, wanataka mkimbiaji wao. Hasira ikamtoka usoni, akainama karibu na sikio langu.

"Mama Joël, usinipatishe haya mbele ya bantu. Niambie polepole."

Nikamwambia, huku Hénock nimemshika kwa mkono mwingine.