Kikombe cha Arobaini

...labda imekosea, mashine ni mashine, juzi tu ilikwama asubuhi nzima mpaka fundi akaja akaipangusa kioo ikapona, basi na leo itakuwa ni hicho kioo, lakini mbona watoto thelathini na tisa imewapima salama salimini, wote chini ya sifuri nukta mbili, imefika kwa wa arobaini ndiyo imeleta sifuri nukta nne sita, na wa arobaini ni wake, wa kumzaa mwenyewe, Chiriku wake wa miaka minane asiyefunga mdomo hata akipiga mswaki... hakuna mwingine anayejua kikombe kipi ni cha nani, vikombe vina namba tu, ndivyo utafiti unavyotaka, ila yeye ndiye aliyeibandika ile namba haraka haraka ikakaa upande, na sasa kila akikitupia jicho kile kikombe moyo unamlipuka upya. Amerudia kipimo. Kinachukua dakika nane, zimebaki sita. Miaka kumi na miwili anapima mikojo ya watoto wa watu bila kukunja uso, leo kasimama, glovu zimelowa jasho kwa ndani, na kazi yenyewe si ngeni, wapime kalsiamu kwenye mikojo ya watoto arobaini wazima ili madaktari wajue mtoto mzima hutoa kiasi gani, na wa kumtilia shaka ya mawe ya figo ni yupi... wazima, neno lenyewe ndilo hilo, wazima, na yeye ndiye aliyesema nyumbani ninaye mmoja, mzima wa afya, pale mama mmoja alipojitoa Jumatatu na mkuu wa maabara akawa hakai wala hasimami kwa kukosa mtoto mmoja, huyu mkuu wanayemwita Desimali, ambaye hata chai huagiza sukari kijiko kimoja nukta tano, na sauti yake hiyo inatoka mezani kule mlangoni, inasema kitu kuhusu ripoti, kuhusu Ijumaa, hasikii vizuri, anasikia mwisho tu.

"Huyo wa arobaini akivuka nukta mbili tena, mtoe. Atakuwa mgonjwa, na sisi tunatafuta wazima."

Mtoe, hivyo hivyo, kama anayeokota chuya kwenye mchele, wala hakuinua kichwa, na atamlaumu kwa lipi, yeye mwenyewe kawatoa wangapi katika tafiti nyingine, kalamu nyekundu, mstari, basi, wala hakuwahi kujiuliza yule mtoto alirudi kwa nani... zimebaki tano, Mungu wangu, ishuke, ishuke hata kidogo, labda ni maziwa yaliingia, lakini maziwa yaingie vipi, kikombe alikitoa mwenyewe kwenye mfuko wake, akakishika mwenyewe, mtoto huku anamsimulia habari za paka wa mwalimu, hana hili wala lile, na ile fomu, maswali kumi na mawili, aliyajibu hapana, hapana, hapana mpaka chini bila kuyasoma, maana alikwishawasomea wazazi thelathini na tisa na mkono ulizoea njia. Je, mtoto hulalamika maumivu? Hapana. Na ile Jumamosi je, yeye mikono imo kwenye povu la nguo, mtoto kasimama mlangoni kajikunja, "Mama, mkojo unauma ukitoka," naye akamwambia kunywa maji, acha deko... deko, alisema deko, na shuka zile alizozikuta zimelowa asubuhi, akamsema mbele ya shangazi yake, mtoto mkubwa huoni haya, na Chiriku akanyamaza, siku nzima Chiriku alinyamaza, hilo peke yake si lingetosha kumshtua? Je, kuna mtu katika familia mwenye mawe ya figo? Hapana, na kaka yake yeye, mjomba wa mtoto, aliyegaagaa sakafuni anauma mto, jiwe lilipotoka akaliweka kwenye kiberiti akawa anawaonyesha wageni wanacheka, leo ana figo moja na kiberiti hakitoi tena... zimebaki tatu, ishuke basi, ikishuka atashusha pumzi, atamwandika na wenzake wazima, atakwenda nyumbani, na Jumamosi nyingine mtoto atakuja tena mlangoni kajikunja na yeye atasema, aa, wewe nilikupima... atamjibu hivyo, anajijua, atamjibu hivyo hivyo, na hapo ndipo anapogundua haogopi tena namba isishuke, anaogopa isije ikashuka akaiamini. Anavua glovu. Anaitoa fomu ya arobaini kwenye jalada, anaikata hapana ya mawe, anaikata hapana ya maumivu, pembeni anaandika ndiyo, mkojo humuuma ukitoka, aliniambia mwenyewe. Nyuma yake Desimali bado anasema habari za Ijumaa, na mashine inazunguka, zimebaki dakika mbili.