Reli za Kalundu Juu ya Mlango Mbovu

Sylvestre alikuwa mbishi, tena mbishi wa kupindukia, na mwaka ule wa sitini na nne ubishi wake wote aliuhamishia kwenye mlango mbovu aliokuwa ameulaza juu ya meza. Waasi walikuwa wameshika Uvira, kazi zimelala, barabara imejaa vizuizi. Naye, aliyekuwa mgeuza reli wa bandari ya Kalundu, akawa anakata makopo ya sardini na kujenga reli za zamani, ndogondogo, kama zilivyokuwa kabla hazijang'olewa. Watoto wa Songo, mtaa wake, walishaanza kubisha eti treni haikuwahi kufika ziwani. Hilo lilimuuma sana.

Gati akalipata, winchi akaiweka. Hata yeye mwenyewe akajisimamisha pale, kijitu cha waya, karibu na wenzo wa kugeuzia reli, mkono juu kuashiria kwamba reli imegeuzwa. Depo, lile ghala la mizigo, ndiyo iliyomshinda. Aliwauliza mabaharia, akawauliza wapagazi, hata karani wa misheni. Kila mmoja akaiweka anapotaka yeye.

“Muulize Basile,” mkewe Félicité akamwambia, huku akichambua samaki wadogo, ndagala.

“Yule? Kamwe!”

Zamani walikuwa chanda na pete. Basile ndiye aliyeshika breki za vagoni kule kwenye winchi, akingoja ishara yake. Miaka minane nyuma aliachia vagoni ya pamba kabla reli haijageuzwa, ikatumbukia ziwani, akafukuzwa kazi. Sylvestre alisema mbele ya wakubwa kwamba mtu aliye kwenye winchi anauona wenzo waziwazi. Basile, akasema, alisinzia tu. Basi watu wakamwita Basile Usingizi, akaenda zake kulima Lubarika. Sasa vita vilikuwa vimemkimbiza mpaka kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka hapo, na salamu hakuna.

“Haya, acha depo yako ibaki hewani,” Félicité akasema. “Na weye uzeeke bila rafiki.”

Loo, maneno hayo yalimchoma! Maana hamu aliyokuwa nayo ya kumwona yule mtu ilizidi hata hamu ya kazi. Asubuhi akajikaza, akaenda, akapiga hodi. “Njoo unionyeshe depo,” akamwambia Basile. Huyo akachukua kofia, akaja.

Akauzunguka ule mlango polepole, akitabasamu. “Yote iko sawa. Ila depo, hapana.” Akaisogeza mbele, vidole vinne.

“Weye! Ikikaa pale, ukiwa kwenye winchi hauoni wenzo!”

“Inama, uangalie.”

Sylvestre akapiga magoti, akaweka jicho penye winchi. Kweli, depo ilikuwa imeuziba wenzo wote. Kilichochomoza pembeni ni mkono tu wa yule mtu wa waya.

Hapo akaikumbuka asubuhi ile vagoni ilipozama. Kabla hajagusa wenzo alikuwa amepunga mkono, akimpungia binti mwenye beseni la maandazi aliyekuwa akija upande wa ziwa.

“Basile,” akasema. “Ule mukono sikukupungia weye. Nilimupungia Félicité.”

“Minye najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile ile. Vagoni ilipozama nilizunguka depo nikikimbia, nikamukuta na beseni yake, mukono wake bado uko juu, anakujibu.”

“Na ukanyamaza? Miaka minane?”

“Harusi yenu ilibakia wiki mbili. Baba yake angemupa binti yake muntu asiye na kazi?”

Sylvestre akalia, mwanaume mzima, bila kujificha. Kisha akatoka uani. Siku zile Songo nzima ilikuwa inanong'ona kwa kuwaogopa wenye bunduki pale kwenye kizuizi cha barabara. Yeye akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

“Majirani, sikieni! Ile vagoni ya Kalundu niliizamisha minye, Sylvestre! Basile hakusinzia hata kidogo!”

Madirisha yakafunguka. Basile akamvuta shati, anacheka huku machozi yanamtiririka. “Nyamaza, kichwa nguvu! Watatupiga risasi!”

“Ngoja kwanza,” Sylvestre akasema. “Wa kule barabarani hawajasikia.” Akavuta pumzi, akaanza upya.