Hagusi Chini

Alhamisi jioni Rhonda Tackett alipita ukumbi wa mazoezi kumchukua binti yake. Alikuwa bado na sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, na mikono inanuka dawa ya kusafishia. Wasichana wengine wa timu ya kushangilia kwa sarakasi walikuwa wameshavaa makoti. Raelynn alikuwa katikati ya zulia la mazoezi, mikono imenyooka juu ya kichwa, na kwenye viganja vyake amesimama Brinley Stapleton, anautabasamia ukuta.

Kocha Trey ana sheria moja, na kila mzazi wa mji ule wa Kentucky anaijua: wa juu hagusi chini mpaka yeye aseme. Jioni ile simu yake ililia kabla hajasema. Walikuwa wamepata nafasi ya kwenda fainali Lexington. Kocha alitoka mbio kuwatangazia wazazi waliokuwa wakisubiri kwenye magari, akakumbatiwa na huyu na yule, akaenda zake kusherehekea. Neno lenyewe akawa hakulisema.

Rhonda alimwambia binti yake waende, chakula kinapoa.

"Hajasema," Raelynn alijibu.

Basi wakaenda hivyohivyo. Gari la Rhonda lina dirisha la paa. Mikono ya Raelynn ilitokea hapo, na Brinley akasafiri juu, kofia ya sufu masikioni, akiwapungia watu kwenye taa za barabarani. Nyumba ni ya zamani na dari yake iko mbali, lakini Rhonda alipanda kwenye kiti akaifungua feni ya darini, akaipeleka stoo. Mtoto wa watu ni mtoto wa watu.

Asubuhi mama yake Brinley, Courtney, alileta begi la nguo na maagizo. Brinley anakula zabibu na vipande vya bata mzinga, mkate asipewe. Raelynn naye asipake mafuta mikononi, mwenzake asije akateleza.

"Mikono yake imepasuka, Courtney," Rhonda alisema.

"Najua, mpenzi. Ni wiki chache tu."

Kocha alipopigiwa simu, alifikiri kidogo, akasema ni heri waachwe hivyo. Akisema ashushwe sasa, wengine wataona kumbe kushusha kunawezekana.

Kwa kweli Rhonda hakubisha sana, na hapa ndipo pagumu pake. Raelynn alizaliwa mkubwa na hakuacha kukua. Shule ya msingi walimwita Friji. Alikuwa anaingia chumbani kwa ubavu, kama anayeomba radhi kwa mlango. Kisha siku moja kocha akamgusa bega, akawaambia wote wamtazame, huyu ndiye nguzo, na Rhonda akaenda kulilia chooni kwa furaha. Sasa dukani watu wanamsimamisha kumuuliza kama ndiye mama wa yule msichana mwenye nguvu. Ni yeye, anasema, na kidevu kinanyanyuka chenyewe.

Lakini mabega yale yametoka kwake, na yake anajua yalipoishia. Kutwa anawanyanyua wazee kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi kitandani, na asubuhi hawezi kufunga viatu bila kukaa kwanza. Wazee wanawashukuru madaktari. Akimwangalia binti yake chini ya miguu ya mtoto wa mwingine, roho inamuuma hasa. Watu wakipiga makofi, roho ileile inacheza. Alikuwa amenaswa katikati, wala hapakuwa na wa kumlaumu.

Maisha yaliendelea. Darasani waliwekwa nyuma ili Brinley asiwazibie wenzake ubao. Brinley alinyoosha mkono akajibu maswali, na walimu wakamsifu kwa kujiamini kwake. Alilala amesimama, kama farasi. Raelynn alilala amekaa, ameegemea ukuta wa sebule, mikono juu. Rhonda alimsuka nywele na kumlisha maharage na mkate wa mahindi kwa kijiko, kama enzi za uchanga wake, na ajabu ni kwamba alizipenda zile dakika.

Jioni moja, kijiko kikiwa njiani, Raelynn alisema kwa sauti ya chini ili wa juu asisikie.

"Mama. Kocha hatasema. Ila wewe ukisema nishushe, nitamshusha."

"Umechoka?"

"Wewe useme tu."

Rhonda alimfuta mdomo. Alisema wasubiri fainali iishe, wasiwaharibie wenzao. Muziki ukinyamaza tu, yeye mwenyewe atasimama palepale kwenye viti vya watazamaji na atasema. Raelynn alikubali, akafungua mdomo kwa kijiko kingine.

Lexington ukumbi ulijaa. Wasichana walikuwa na utepe mkubwa kichwani na kope zinazometameta. Wenzao waliruka, wakabiringika, wakacheza kuwazunguka, na Raelynn alisimama katikati, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Brinley alinyanyua mguu mmoja mpaka sikioni. Kisha muziki ukanyamaza.

Raelynn aligeuza macho, akatafuta kwenye viti, akampata mama yake. Viwiko vilianza kutetemeka. Akavikunja taratibu, vizuri, kama alivyofundishwa, na Brinley akaanza kuteremka. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mtu nyuma ya Rhonda alisema, ona, lile kubwa linamwangusha.

Rhonda alisimama. Neno alikuwa nalo mdomoni tangu alfajiri walipoondoka nyumbani, tangu siku ya kijiko.

"Shikilia, mwanangu!" alipiga kelele. "Shikilia!"

Raelynn akavinyoosha viwiko.

Watu walisimama kushangilia, na Rhonda alishangilia kuliko wote, machozi yanamtoka. Walishinda. Picha ilipigwa papo hapo, baadaye ikatundikwa mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi. Inamwonyesha Brinley, kombe, na utepe. Ukitafuta sana, chini kabisa, unaona ncha za vidole vya Raelynn.

Njia ya kurudi ilikuwa na mvua. Waliuacha mji nyuma.

"Nilidhani utasema nishushe," Raelynn alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Raelynn hakukasirika. Alirekebisha vidole chini ya viatu vya Brinley, akamwomba mama yake asifunge breki kwa ghafla, kwa sababu Jumatatu mazoezi yanaanza tena.