Matuta ya Kanyiva

Syokau alikuwa na mkaza mwana mmoja tu, na soko zima la Migwani lilikuwa limechoka kusikia sifa zake. Ndiyo maana siku aliyompeleka hospitali alijifunika leso hadi kwenye nyusi. Tangu ajifungue mwezi uliopita, Kanyiva alishinda kitandani akiutazama ukuta. Mtoto akilia, hageuki. Jana yake alimwambia mumewe kwa simu amtafutie mtoto mama mwingine, na hapo Syokau akaogopa kweli.

Daktari Gakenia alisikiliza, akasema inaonekana ni sonona ya baada ya kujifungua, na dawa ipo. Kabla ya kuandika akamuuliza Kanyiva, "Umewahi kuwa na wakati hulali, na bado una nguvu kuliko kawaida?"

Aliyejibu ni Syokau. Hakuhitaji kubembelezwa ili amsifu mkaza mwana wake.

"Huyu? Mwaka juzi, kabla ya mvua, kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi za shamba, kilikuja kunichimbia matuta. Tukapata amemaliza karibu yote, yeye pekee. Halali, anaimba, anaongea mpaka unachoka. Tulimpigia vigelegele."

"Na baadaye?"

"Akalala wiki kadhaa. Si alikuwa amechoka?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza polepole kwamba huzuni ya sonona na ya bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hufanana kwa macho, lakini aliyewahi kupandwa na nguvu hivyo huenda ana bipola, na dawa ya sonona peke yake yaweza kumpandisha tena, safari hii akiwa na mtoto mchanga. "Kuna kitu kingine kilitokea wakati huo?"

"Hakuna," Syokau alisema. Kilikuwepo. Lakini nani atakubali fahari ya boma lake iitwe ugonjwa?

Kanyiva akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mikono ilikuwa inatoa damu, mama. Nilikuwa nangoja mtu aninyang'anye jembe. Mkapiga vigelegele."

Syokau aliona aibu iliyomuuma. Mikono ile aliifunga kitambaa yeye mwenyewe, kisha akaita majirani waje waitazame.

"Daktari, andika," alisema. "Alitembea miguu mitupu mpaka Mwingi, anasema ametumwa kuokoa mji. Mimi ndiye nilimrudisha. Watu niliwaambia alienda kununua mbegu."